Rula Iliyokwenda Ruiru

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya baba. Vilikuwa vikubwa, nikavishindilia vipande vya gunia kwenye ncha, na kila nilipopiga hatua vilinijibu kwa nyuma. Baba alikuwa mkata mkonge katika shamba moja nje ya Thika. Tulikuwa watu wa magharibi, tuliokuja kufuata kazi kama wenzetu wengi. Mimi shule yangu iliishia darasa la nane. Lakini nilijua kupiga taipu, na ndoto nilikuwa nazo nyingi kuliko nguo.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya mabati karibu na stesheni ya gari moshi. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia ufadhili watu waliokwisha kupata shahada ya kwanza, wakitaka kwenda ng'ambo kusomea ya pili. Siku hizo watu hao walikuwa wa kuhesabika, na sisi Waafrika tuliokuwa tukiwahudumia tulikuwa wachache zaidi: Karani Mkuu na mimi.

"Wewe ndiye kijana wa taipu?" Karani Mkuu aliniuliza. Alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Ndiye mimi, mzee."

"Hapa hakuna mzee. Hapa kuna Karani Mkuu. Na hivyo viatu vinaongea sana, viambie vinyamaze."

Kisha akanifundisha kazi, na maneno yale sijayasahau. Mwombaji alihitaji vitu viwili. Cha kwanza kiliitwa nafasi, yaani chuo kikuu kikubali kumpokea. Cha pili ni ufadhili, yaani apatikane wa kumlipia karo, nauli na chakula. Sasa chuo kilisema, tuonyesheni mfadhili kwanza. Mfadhili naye alisema, tuonyesheni chuo kwanza.

"Kila mmoja anamwambia mwenzake, tangulia wewe," Karani Mkuu alisema. "Kazi yetu ni kumbembeleza mmoja aanze. Ukingoja waanze wenyewe, mwombaji atazeekea hapo kwenye benchi."

Halafu palikuwa na wadhamini, watu watatu wa kuandika kwamba mwombaji ni mtu wa akili na tabia njema. Na juu ya yote, kwa kuwa ilikuwa Hali ya Hatari, iliyotangazwa na wakoloni kwa sababu ya Wakikuyu walioingia msituni kupigania ardhi, palikuwa na kibali. Mkikuyu hakuruhusiwa kutoka mtaani kwake kwenda mji wa pili bila karatasi ya serikali, seuze kuvuka bahari. Mtu angeweza kukamilisha kila kitu, kisha mjomba wake akamatwe, na faili lake lifungwe siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kazi ya tumbo joto. Asubuhi begi la posta likifunguliwa sote tuliliinamia. Waombaji walikuja mlangoni wakasimama na kofia mikononi: "Imefika?" Sikuzoea kusema, "Bado." Nilikuwa nikisema, "Iko njiani," hata kama sikujua iko njia gani. Karani Mkuu alinikataza. "Usimpe mtu matumaini ya kukopa," alisema. Lakini jioni nilikuwa nikichukua vitabu vya vyuo vikuu, vile vyenye picha za majengo ya mawe na miti isiyo na majani, nikivisoma kama Biblia. Nilijua kozi zao zote. Nilijua hata chakula cha bweni.

Mkubwa wetu sote alikuwa Bwana Afisa, Mzungu mrefu aliyezungumza Kiswahili cha mashambani. Siku moja alitoka ofisini kwake akitabasamu, jambo lililotutia hofu papo hapo.

"Sisi napata nafasi moja," alisema. "Magonjwa ya miti. Shahada ya pili. Chuo nakubali, pesa nakubali. Moja tu. Leta mimi watu."

Fikiria furaha yetu. Chuo na mfadhili wote wameanza kwa pamoja! Kilichobaki ni jina la mtu. Na tulikuwa na wawili.

Wa kwanza alikuwa Ndirangu, kijana mwembamba aliyefanya kazi kwenye kituo cha kuchunguza kahawa kule Ruiru. Siku hizo kahawa ilikuwa na ugonjwa wa kuozesha tunda likiwa bado bichi, na Ndirangu aliuchukia ugonjwa ule kama mtu anavyochukia mwizi aliyemwibia mama yake. Wa pili alikuwa Mwalimu Gathogo, aliyekuwa akifundisha sayansi Thika na kukaa ng'ambo ya mto Chania. Umri ulikuwa umemwendea. Alikuwa amefundisha miaka mingi kwenye shule ya misheni kabla ya kwenda kuchukua shahada yake. Na katika miaka ile ya misheni, mmoja wa watoto wake wa darasa la kwanza alikuwa Ndirangu.

Siku ya mahojiano walipewa vibali vya siku moja, wakaja. Ndirangu alifika mapema akakaa kwenye benchi. Mwalimu alipotokea, Ndirangu aliruka kama aliyeumwa na siafu, akavua kofia, akapangusa benchi kwa mkono, na hakuketi tena hadi alipoitwa. Mwalimu alimtazama tu akasema, "Umekula?"

"Nimekula, mwalimu."

"Muongo kama zamani."

Niliwekwa pembeni ya chumba kupiga taipu majibu. Kamati ya wageni, Wazungu watupu, ilimuuliza Ndirangu mambo ya kuvu na majani, akajibu vizuri sana, vidole vyangu vikamkimbilia. Mwishoni wakamuuliza swali lao la kawaida: kwa nini tukupe wewe na si mwenzako?

Ndirangu aliitazama kofia yake. Kisha akasema, "Mwenzangu ni mwalimu wangu. Mpeni yeye kwanza. Mimi nitangoja."

Mashine ilinisimama. Akaingia Mwalimu Gathogo. Akaulizwa lile lile.

"Yule ni mtoto wangu wa darasani," alisema. "Macho yake bado yanaona vizuri kuliko yangu. Mpeni yeye."

Karani Mkuu alishika kichwa. Sisi wawili tulielewa walichosema: kila mmoja alikuwa amefanya alivyolelewa. Lakini wale wageni wa kamati waliandika kwamba hakuna kati yao mwenye hamu ya kwenda. Bwana Afisa alitoka na uso mwekundu.

"Hii watu hapana taka!" alisema. "Mimi ngoja mpaka Ijumaa, begi ya Nairobi naondoka na gari moshi. Kama hapana jina, hii nafasi napewa watu ya mahali ingine. Kwisha."

"Bwana, wanataka," Karani Mkuu alisema. "Wanataka sana."

"Basi sema wao tia sahihi."

Wawili wale hawangeweza kuonana. Vibali vyao vilikuwa vimekwisha jua lilipotua, na kuomba vingine kulichukua muda tusiokuwa nao. Mimi, kwa kuwa sikuwa Mkikuyu, niliweza kupita vizuizi na kipande changu cha utambulisho. Karani Mkuu alinipa baiskeli ya ofisi na karatasi ya kukubali nafasi. "Nenda umbembeleze kijana," alisema. "Na usiote njiani."

Niliendesha kupitia Juja, mkonge pande zote, vumbi jekundu likinijaa mdomoni. Nilimkuta Ndirangu katikati ya mibuni, ameinamia tawi na kioo cha kukuzia.

"Ndirangu, ndugu yangu, tia sahihi," nilisema.

"Mwalimu amekubali?"

"Amekataa. Amekutaja wewe."

"Basi umeona mwenyewe mtu yule alivyo." Aliweka kioo mfukoni. "Nikimpita mlangoni mtu aliyenishika mkono nikaandika jina langu, siku nikikutana naye darajani nitatazama wapi? Mtoni?"

"Lakini nafasi itapotea! Hamtaipata wewe wala yeye!"

"Ikipotea, imepotea. Heshima ikipotea utaiombea kwenye ofisi gani?"

Nilirudi Thika na karatasi isiyo na sahihi. Siku iliyofuata, Alhamisi, nikavuka Chania kwa Mwalimu Gathogo. Alinikaribisha chai. Mke wake, Mama Wanjiku, alikuwa amekaa kando akipukuchua mahindi. Nikambembeleza mwalimu atie sahihi yeye, maana hata hilo lingeokoa nafasi.

Mwalimu aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Usidhani hakuitaka. Nilimwona akigusa jina la chuo kwa kidole, polepole, kama mtu anayegusa paji la mtoto mgonjwa.

"Nikienda mimi," alisema, "nitarudi nimebakiza miaka michache ya kazi. Yule ana maisha mazima. Nitakuwa nimekula mbegu."

"Basi mwambie akubali, mwalimu. Mimi hanisikii."

"Nimwombe?"

"Mwombe tu."

"Nimwombe mtoto wangu?" Alicheka kwa huzuni. "Nikimwomba atakataa zaidi. Ataona nampa kwa huruma."

Hapo Mama Wanjiku akatupa gunzi chini. "Ngai! Mmekazana kuomba, kuomba. Baba Wanjiku, wewe shuleni ulikuwa unawaomba hawa watoto wakuletee chaki?"

"Aca, hapana. Nilikuwa nikiwatuma."

"Na wakikataa?"

"Nani angekataa?"

"Basi mtume," alisema, akachukua hindi lingine.

Mwalimu Gathogo aliweka kikombe chini. Kisha akainuka, akaingia chumbani, akatoka na rula ya mbao, nyeusi kwa kushikwa, ncha moja imemeguka. Akanieleza jinsi mambo yalivyokuwa kwenye shule ile ya misheni. Mtoto akitumwa nje wakati wa masomo alipewa rula ya mwalimu. Aliyeishika hakusimamishwa na kiranja wala na mwalimu mkuu. Na aliyepewa hakuuliza kwa nini mimi na si fulani, bali aliondoka mbio.

"Mpe hii," alisema. "Mwambie namtuma. Aende akajue ni kitu gani kinachoozesha kahawa, aje aniambie. Na mwambie asikawie njiani."

Ijumaa asubuhi nilikuwa barabarani tena. Karibu na Juja palikuwa na kizuizi. Askari alisoma kipande changu, akaona rula imefungwa kwenye baiskeli.

"Hii ni ya nini?"

"Ya mwalimu, afande."

"Mwalimu gani? Unapeleka wapi?" Aliivuta, akaigeuza, akaichungulia kama bunduki. Wakati ule mtu alilala ndani kwa kitu kidogo kuliko hicho.

"Ruiru, afande. Nimetumwa."

Alijipiga nayo kiganjani, pa! Akakunja uso. Kisha meno yakatokea. "Hizi mbao zilinimaliza mimi shuleni. Toka hapa, nenda!"

Ndirangu aliponiona alianza kutikisa kichwa kwa mbali. Sikusema neno. Nilimnyooshea rula. Akasimama. Akafuta mikono kwenye suruali, akaipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba pale ilipomeguka.

"Ni mimi niliyeivunja hapa," alisema. "Amesemaje?"

Nikamwambia yote, nikamalizia na kule kutokawia njiani. Alicheka, kisha akageuka akaitazama mibuni kwa muda, na mimi nikajifanya natengeneza mnyororo wa baiskeli. Alipogeuka alisema, "Lete kalamu."

Kurudi sikumbuki vizuri. Nakumbuka kiatu kimoja cha baba kilinidondoka mahali fulani nikakiacha. Nakumbuka gari moshi likipiga honi nami bado sijafika mjini. Niliingia ofisini na mguu mmoja mtupu, nikamkuta Karani Mkuu ameliinamia begi la Nairobi, na Bwana Afisa amesimama nyuma yake anatazama saa. Kazi ya kufunga begi ilimalizikia kwenye lakiri, ile nta nyekundu ya muhuri, na Karani Mkuu alikuwa akiiyeyusha kwa kibiriti. Kijiti kinazimika, anawasha kingine.

"Hii lakiri leo ni mbaya, Bwana," alikuwa akisema. "Inakataa kabisa."

Akaniona, akaiona karatasi. Akaichukua bila kunitazama, akaitia ndani. Kijiti kilichofuata hakikuzimika.

Kibali cha Ndirangu kilichukua wiki nyingi za kukosa usingizi, lakini alikwenda. Mimi nilihamishiwa ofisi yetu ndogo ya Ruiru chini ya afisa mwingine, kisha baada ya Uhuru nikapelekwa Nairobi, nikafanya kazi chini ya wakurugenzi hadi nikastaafu. Huko niliona fedha za masomo zikitoka nchi ambazo sikujua zipo. Vijana wa leo wananiambia wanaomba kwa simu, usiku wanaona jibu. Sawa. Lakini macho yao nikiyatazama ni yale yale ya mlangoni, na chuo na mfadhili, nasikia, bado wanaambiana tangulia wewe.

Wengine huniuliza kama sikuumia kuwasindikiza watu maisha yote bila kwenda mwenyewe. Niliumia, siku fulani fulani. Vile vitabu vyenye picha bado ninavyo, na miti ile bado haina majani. Lakini nilikuwepo siku Ndirangu aliporudi, na hiyo siibadilishi na bweni lolote.

Alishuka stesheni ya Thika amevaa koti zito katika jua lile. Mama yake alikuwa akimngoja nyumbani na watu wa kijiji kizima, lakini aliniambia twende shuleni kwa mwalimu kwanza. Mwalimu Gathogo alikuwa darasani. Ndirangu alisimama mlangoni na rula mkononi, darasa zima likamgeukia.

"Nimerudi, mwalimu," alisema.

Mwalimu aliweka chaki chini. Alimtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Nilikwambia usikawie njiani," alisema. "Ingia, uwaambie hawa ni kitu gani kinachoozesha kahawa."