Kibao Chenye Kusahau

Mpaka leo nikisikia muntu anasema kitu "kinatunzwa kwa niaba ya taifa", naanza kugomba. Wajukuu wananiambia nitulie. Sitaki kutulia.

Shule ya Wazungu niliionja kidogo tu, baba akanitoa. Nilichosoma kwa kweli njo chuo cha Korani kule Alunguli. Tuliandika aya juu ya ubao wa muti, tukakariri, kisha tukaosha wino kwa maji. Usipoweka kichwani, imekwenda. Baadaye nikawa fundi wa redio. Redio za Kalima zilifika na matope mekundu ndani, utadhani wenyewe walichimbia nazo kasiterite, yale mawe ya bati. Lakini habari ya redio tuache.

Jirani yangu alikuwa fundi wa simu za reli. Wakati ule wa chama kimoja, siku zile kila muntu aliitwa sitwayen, yaani raia, hata akiwa babu yako, alirudi toka Lubumbashi na kibao cha umeme. Kilikuwa na vidude vya kubonyeza na kidirisha cha tarakimu nyekundu.

"Hii njo ubongo wa ordinatere, ile kompyuta," aliniambia. "Kichwa hakuna, ubongo tu."

"Na mimi niko kichwa bila ubongo. Tutaelewana."

Tukakifunga kwenye betri ya gari na taa ndogo nane nilizochomelea mimi. Akanifundisha maneno mafupi ambayo mafundi wanaita asemblere. Kila neno ni amri moja, na kila amri ina namba yake ya kubonyeza. Mimi niliyapa majina yetu: weka, toa, ruka. Weka moja. Toa kwenye taa. Sogeza. Ruka, rudi juu.

Mara ya kwanza taa zote ziliwaka pamoja. Nikafikiri nimeunganisha vibaya, nikatukana waya zangu zote. Fundi akacheka. "Zinakimbia, ndugu. Jicho lako njo linachelewa. Mwambie kibao ahesabu kwanza, apoteze muda, akimaliza ahesabu tena, njo aende." Nikamwambia ahesabu. Taa zikatembea moja moja, kama watoto wanavuka mutaro. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, aliacha majani ya pondu kwenye kinu akaja kuangalia.

Sasa, kibao kile kilikuwa na tabia moja: ukichomoa betri, kinasahau vyote. Fundi aliudhika nayo. Mimi sikushangaa, nilikwisha kuoshewa ubao tangu utoto. Nilikariri zile namba kwa sauti ya chuoni, nikitikisa mwili, nikazibonyeza upya kila alasiri.

Lilibaki somo moja. Fundi aliliita "pokea": namna kibao kinasikia muntu akibonyeza kitufe, kisha kinajibu. Nililitaka lile somo kuliko chakula. Kusema tu bila kusikia, hata redio inafanya.

Kabla hajanifundisha akaja mukubwa wa chama wa mutaa wetu, yule aliyetuchezesha ngoma za chama kwa nguvu kila sikukuu, wazee wa magoti mabovu nao ndani. Alisikia habari ya taa. Alizitaka zizunguke picha ya Kiongozi siku ya sherehe. Watu wake wakanyakua kibao mezani, wakachomoa waya.

"Mukubwa, ukichomoa anasahau," nilisema.

"Mashini inasahau? Wewe njo umesahau adabu, sitwayen."

Siku ya sherehe waliunganisha betri mbele ya wageni. Taa kimya. Mukubwa akatuita mbele, mimi na fundi, uso umevimba. "Mumeiloga, ama mumeiharibu?"

"Haijaharibika. Inataka kukumbushwa tu. Niache nibonyeze." Nikaanza kutaja namba zangu, na ulimi wenyewe ukashika sauti ya chuo.

"Anaisomea dua!" watu wakacheka. Mulinzi akanisukuma kifuani. Nikamwangalia fundi aseme neno. Fundi alikuwa na kazi ya reli na watoto. Aliangalia viatu vyake. Hasira yangu kwake iliisha zamani. Ile ingine haijaisha.

Kibao kiliwekwa ofisini juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kushonewa maua. Nilikwenda kukiomba mpaka mulinzi akanizoea. Mukubwa alifunua kitambaa, akanionyesha toka mbali.

"Unaona? Hakijapotea. Kinatunzwa kwa niaba ya taifa."

"Mukubwa, nipe hata alasiri moja. Limebaki somo moja."

"Somo gani?"

"La kusikia."

Akarudisha kitambaa, akaita muntu mwingine aingie.

Fundi alihamishwa na reli, kibao sikukiona tena. Namba za taa ninazo zote kichwani, niamshe usingizini nitakutajia. Weka, toa, ruka ninajua. Pokea sijui. Sikufundishwa, na aliyeninyima hakuwa hata na kazi nacho kile kibao.