Barua ya Toba ya Mtoto wa Kaka

Katika kanisa letu mtu aliyeanguka hasemi mwenyewe. Inaandikwa barua ya toba, anaitia saini, kisha Jumapili anasimama mbele akiwatazama waumini huku katibu akiisoma kwa niaba yake. Ikishasomwa, mchungaji anamwekea mikono, na kuanzia siku hiyo mtu huyo anakaa benchi la nyuma kwa miezi sita. Haimbi, haombi kwa sauti, hapokei Meza ya Bwana. Nilikuwa katibu kwa miaka kumi na moja, na nyingi kati ya barua hizo niliziandika mimi, kwa sababu kuandika ndiyo kazi yangu.

Nina chumba kidogo Vuga, karibu na mahakama, chenye kompyuta moja na mashine ya kuchapia. Nawaandikia watu maombi, mikataba, hati za kiapo na malalamiko. Shule niliishia darasa la saba, huko Kizimbani, ambako baba yangu alikuja kutoka bara kufanya kazi katika shamba la karafuu. Mengine nimejifunza kwa kusoma kamusi na vitabu vya sheria, ukurasa baada ya ukurasa. Katika kazi hii nina kanuni moja: barua ikishakamilika namsomea mwenyewe neno kwa neno, na akisema "sivyo" nafuta. Kanuni hiyo nimeivunja mara moja tu.

Kanisa letu ni ukumbi wa kukodi, mbele kidogo ya Mwanakwerekwe. Mvua ikinyesha, mahubiri hayasikiki kwa kelele za mabati. Wakristo kisiwani ni wachache, na walokole ni wachache zaidi, na kwa miaka mingi tumekuwa tukiomba kiwanja cha kujenga. Sitaki kumwandika mchungaji wetu kama mtu aliyekuwa mbaya tangu mwanzo, maana si kweli. Mke wangu alipolazwa hospitali, alikuja wodini kila asubuhi kwa wiki mbili na chupa ya uji. Alijua majina ya watoto wetu wote. Alipohubiri, hata majirani Waislamu walisimama nje dirishani, si kwa ajili ya dini, bali kwa ajili ya maneno yake, yalivyopangika.

Kisha yakaja majira ya uchaguzi. Akaanza kuitwa kwenye mikutano na kukalishwa mstari wa mbele. Kisiwani mchungaji anayekubali kusimama jukwaani na kusema "Wakristo tuko nanyi" ni kitu adimu, na wanasiasa walimhitaji. Redioni alizungumza juu ya maadili ya familia. Alianza kujiita askofu. Jumapili moja alituletea mgombea ukumbini. Tulisimama wote, akamwekea mikono, akasema ameoneshwa kuwa ni huyu. Risala ya kumkaribisha niliiandika mimi, na niliona fahari. Niliamini tumepata mtu wa kutusemea.

Bi mwenye nyumba ninamopanga chumba changu cha Vuga, mama wa Kiarabu aliyepita miaka sabini, aliiona picha ya siku hiyo kwenye simu ya mjukuu wake.

"Na nyie mshaanza kuwabariki wanasiasa?" akaniuliza. "Sie masheikh wetu walianza zamani."

Akacheka, nami nikacheka.

Marehemu kaka yangu aliacha binti mmoja, nikamlea. Mbele za watu aliniita baba mdogo, na nyumbani baba. Wakati ninaouandika alikuwa na miaka ishirini na tatu, akifanya kazi ya udobi katika hoteli moja Kendwa, na ndiye aliyeongoza sauti ya pili katika kwaya. Kila Jumamosi alikuja mjini kwa mazoezi. Mazoezi yakiisha, mchungaji alibaki na viongozi wa kwaya kufunga na kuombea uchaguzi. Mara nyingine alibaki na mmoja mmoja. Hayo yote niliyajua, na sikuona kitu.

Alasiri moja mchungaji alikuja Vuga, akafunga mlango wa chumba changu.

"Bwana asifiwe, mzee katibu."

"Amina, mchungaji."

Aliketi kwenye kiti cha wateja akanambia kuwa binti yangu ana mimba ya miezi mitatu.

"Amekuja kwangu analia," alisema. "Ni kijana wa huko huko hotelini, si wa imani yetu, na ameshaondoka. Ameniomba nikwambie mimi, maana anakuonea haya. Nakusihi usimuulize kitu. Ukimuuliza utammaliza."

Nilimwamini, na naweza kueleza kwa nini. Kwetu baba hamuulizi binti habari za mimba. Jambo kama hilo hupita kwa mama, na mke wangu alikuwa Tanga akimuuguza mama yake. Nilimwona mchungaji kama mtu aliyenitua mzigo nisioweza kuubeba.

"Iandike wewe barua," akasema. "Ukiandika wewe itakuwa na heshima."

Nikaandika. Sentensi moja tu aliisema yeye nami nikaichapa kama alivyoisema: kwamba dhambi hiyo ilitendeka na kijana mfanyakazi mwenzake asiye wa imani yetu. Aliikunja barua akaondoka nayo. Jumapili asubuhi alinirudishia ikiwa imetiwa saini.

Binti alisimama mbele na gauni lake la kwaya. Tangu nilipoanza kusoma hadi nilipomaliza alinitazama mimi, hakuwatazama waumini. Nilidhani ni aibu. Alipowekewa mikono hakufumba macho. Akaenda zake benchi la nyuma, na mchungaji akahubiri juu ya mabinti zetu wanaopotea mahotelini na haja ya kuchagua viongozi watakaowalinda. Watu walilia. Mimi nililia pia.

Wiki mbili zikapita hajaja mjini. Siku ya tatu ya wiki iliyofuata nilifunga chumba nikaenda Kendwa. Nilimkuta nyuma ya hoteli, kwenye kamba za kuanikia, akianua mashuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo nimekuwa mzee, mwanangu?"

Alikuwa akibandua vibanio na kuvitia mfukoni.

"Huonekani kanisani."

"Nije kufanya nini? Benchi lenyewe halina hata egemeo."

"Na yule kijana, kaondoka kabisa?"

Mikono yake ikasimama.

"Kijana gani?"

"Uliyemtaja."

"Nlimtaja wapi? Si wewe ulomuandika?"

Nilimwambia nimeandika nilivyoambiwa. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemweleza mteja shuka lilipo:

"Ni yeye, baba. Mchungaji. Na alinambia wewe unajua yote. Alinambia, baba yako mdogo ndiye anayeandika, ameona hivi ndivyo utakavyosalimika wewe na kanisa mpaka uchaguzi upite. Nkaisoma. Nkaona ni maneno yako, hakuna mwengine anayeandika 'kwa majuto na unyenyekevu'. Nkatia saini. Pale mbele nlikuwa nangojea tu uniangalie, nijue kama unaona uchungu."

"Wallahi sikujua," nikasema. Ni kiapo cha majirani zangu, si changu, lakini ndicho kilichonitoka.

"Basi si ungeniuliza."

Akanambia na jingine. Kijana wa Nungwi aliyekuwa akipiga pasi pamoja naye, mtu mwenye mke na mtoto, alikuwa ameshaitwa na msimamizi mara mbili. Watu wawili wa kanisa letu walikuwa wamefika hotelini kuuliza ni nani asiye wa imani yetu anayefanya kazi karibu na binti yule. Wafanyakazi wote wa udobi hawakuwa wa imani yetu isipokuwa yeye.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa mchungaji. Hakukana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia maji ya kunywa.

"Zimebaki wiki tano, mzee katibu," alisema. "Jambo hili likitoka, wenye kisiwa watatucheka mpaka wajukuu wetu. Kiwanja tusahau. Na utasema nini? Barua umeiandika wewe, umeisoma wewe, saini ni ya mwanao. Jina langu liko wapi humo?"

Aliyasema bila hasira. Kisha akasema tuombe, nami nikapiga magoti. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilipiga magoti, na jibu ninaloliona ni kwamba nilizoea.

Nililipeleka jambo kwa wazee wa kanisa. Walikuwa wanne. Hakuna aliyesema nasema uongo, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu nilielewa kuwa si mimi wa kwanza kuwapelekea habari ya namna hiyo. Mkubwa wao alisema tungoje uchaguzi upite, tusiwape watu cha kutuchekea. Nikaandika katika kumbukumbu za kikao: wajumbe walikubaliana jambo lingoje. Na mimi nikangoja. Wiki zote tano binti wa kaka yangu alikuwa mzinzi mbele ya kanisa, na mimi nilikuwa na maneno ya kumtoa huko, nikayaweka kwenye faili.

Mgombea alishinda. Mchungaji akateuliwa mjumbe wa kamati moja inayoshughulikia maadili, kwa hiyo ikabidi ahamie bara. Jumapili ya kumuaga, ulipofika wakati wa matangazo, ambao ni wakati wa katibu, niliyasoma matangazo mawili, kisha nikasema kwamba barua ile ilikuwa ya uongo, kwamba niliiandika bila ya kumuuliza mwenyewe, na kwamba hakuna kijana yeyote wa hotelini. Nikamtaja aliyehusika, aliyekuwa ameketi hatua nne kutoka nilipo. Mtu mmoja akaanzisha pambio. Ngoma zikaingia, watu wakapiga makofi. Niliendelea kusema mpaka nikamaliza nilichokusudia, ingawa sidhani kama walinisikia zaidi ya benchi tatu za mbele. Wiki iliyofuata niliondolewa ukatibu. Kiwanja hatujapata.

Habari zikafika Vuga. Bi mwenye nyumba akanijia mlangoni, nami nikangoja acheke. Hakucheka.

"Na yule mtoto wa watu," akaniuliza, "yuko na nani sasa?"

Alikuwa peke yake, Jambiani. Aliacha kazi Kendwa ili yule kijana wa pasi asisumbuliwe tena, akapanga chumba, akawa anawafulia wenye nyumba za wageni. Mke wangu aliporudi alikwenda kukaa naye mpaka akajifungua mtoto wa kike. Mimi nilikwenda baadaye kumweleza niliyoyasema kanisani.

"Walikuwepo wangapi?" akaniuliza.

"Walikuwepo wengi, lakini walikuwa wakiimba."

Akafikiri, akasema kuwa yeye hakuyahitaji hayo ya kanisani. Alitaka niende kwake siku ileile nilipoondoka kwa mchungaji. Alikuwa ameningojea. Siku ile nilipita kituo cha magari ya Kendwa nikarudi nyumbani.

Mwezi uliopita alikuja Vuga, mtoto mgongoni, na fomu ya kuombea cheti cha kuzaliwa. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Nilijaza jina la mtoto, siku, mahali, jina la mama. Nikafika kwenye jina la baba nikanyanyua kalamu.

"Hapa niandike nini?"

Mtoto alikuwa amelala. Binti aliitazama fomu.

"Ukiandika la kwake atalikana," alisema. "Ukiandika jengine nitakuwa nimemzulia mtu, kama tulivyomzulia yule wa Nungwi. Acha wazi."

"Watakuuliza pale dirishani."

"Nitawajibu mwenyewe."

Nikamsogezea karatasi. Akatia saini, akaikunja mara mbili, akaniaga kwa adabu, akaondoka kwenda kupanga foleni.