Alama Nyekundu Kwenye Mkanda

Mwezi uliopita nilipeleka gari Gikondo, hapa Kigali, kubadilishiwa mkanda wa kiti cha dereva. Mwenye gereji, mwanamume wa makamo mwenye mikono myeusi kwa oili, aliuvuta ule wa zamani hadi ukaisha, akaukata kwa kisu na kuutupa miguuni pangu. Ulitoa mkwaruzo mfupi, kisha chuma chake kikagonga saruji. Sauti hiyo nilikuwa sijaisikia kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipojitazama, nilikuwa nimesimama kama nilivyofundishwa: mguu wa kushoto mbele kidogo, magoti hayajakazwa, mabega yamelegea.

"Mama, kiti kiko pale," mwenye gereji aliniambia. "Hii kazi iko na muda."

Nikamjibu kwamba nimezoea kusimama. Sikumdanganya.

Kama ulipita Gikondo miaka ile, utakumbuka harufu zake. Asubuhi ilikuwa kahawa, kwa sababu maghala yalikuwa bondeni na upepo uliipandisha harufu hadi kwetu. Mchana ilikuwa rangi ya magari na bati lililochomelewa. Nyundo za wanyoosha bodi zilianza saa moja na kunyamaza adhuhuri, na hapo ndipo cherehani ya jirani yetu iliposikika. Mimi na mama tulipanga vyumba viwili upande mmoja wa ua. Yeye alipanga viwili upande wa pili, kimoja cha kulala na kimoja cha kushonea. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa mtu mfupi, Mwislamu aliyefiwa na mkewe, na Kiswahili alikirithi kwa baba yake aliyekuwa mchuuzi wa vitambaa. Alikizungumza na kila mtu, hata na mama, ambaye alimjibu kwa Kinyarwanda, na walielewana vizuri.

Siku za kazi alishona magauni ya bluu ya wasichana wa shule na suruali za kaki za wavulana. Jumamosi alipiga gitaa kwenye harusi pamoja na wenzake wawili, mmoja wa ngoma na mmoja wa kuimba. Kigoda chake kilikuwa kimoja kwa kazi zote mbili. Wiki nzima kilikaa mbele ya cherehani, na Jumamosi alikibeba begani kwenda harusini. Mwaka 1990, nikiwa na miaka tisa, alinikalisha juu ya kigoda hicho akanionyesha mikao mitatu ya kwanza ya vidole. Mama alisema gitaa si kitu cha binti. Fundi alimwuliza ni kidole gani cha binti kilichopungua.

Oktoba mwaka huo vita vilianza kaskazini. Katika wiki zilizofuata watu wakaanza kuchukuliwa majumbani, wakiitwa washirika wa adui. Fundi alichukuliwa adhuhuri, akiwa na kipande cha uzi mdomoni. Kitambulisho chake kilisema ni Mtutsi, na hawakutafuta kosa jingine. Gauni la bluu alilokuwa akilishona lilibaki chini ya sindano miezi sita. Mama alipangusa vumbi kila Jumapili bila kulisogeza.

Aliporudi, mvua kubwa zilikuwa zimeanza. Alisimama uani, akatusalimu, na mama akakimbia kumletea kigoda. Alikitazama kwa muda.

"Hapana, mama," alisema. "Mgongo umekataa."

Hayo ndiyo maneno pekee niliyowahi kumsikia akisema kuhusu miezi ile. Tangu siku hiyo alikula amesimama, sahani ikiwa juu ya dirisha. Msikitini, niliambiwa, aliswali amesimama mwanzo hadi mwisho, nyuma ya safu zote. Cherehani ya miguu aliibadilisha kwa ya mkono, akaiweka juu ya kabati. Mkono mmoja ulizungusha gurudumu, mwingine ukaongoza kitambaa, na gauni la siku moja likawa la siku tatu. Wateja walihama. Kilichoweza kumlisha sasa ni harusi, na harusi alikuwa amezipiga miaka ishirini akiwa amekaa.

Wenzake walikuja kumwona. Walimwambia, kwa upole kadiri walivyoweza, kwamba baada ya wiki sita kuna harusi Rebero. Kama hataweza, watatafuta mtu mwingine.

Utadhani ni jambo dogo, kwamba anayejua gitaa atasimama tu apige. Mimi nilidhani hivyo. Siku ya kwanza alilitundika kwa kipande cha kitenge. Alipoachia mkono wa kushoto kidogo tu, kichwa cha gitaa kilianguka kuelekea sakafuni. Basi mkono uliotakiwa kubonyeza nyuzi ukawa pia umebeba uzito, na vidole vikafika vimechelewa. Ili avione aliinamisha shingo, shingo ikavuta mgongo, na kwenye wimbo wa tatu jasho lilikuwa linamdondoka kwenye ubao wa gitaa. Alipiga kama mimi. Nilijua kwamba alijua.

Hakukasirika. Alianza upya, kama mtu aliyekosea kukata kitambaa. Alivuka barabara hadi gereji, akarudi na mkanda wa kiti uliotolewa kwenye pikapu iliyopinduka. Ulikuwa imara lakini uliteleza begani, kwa hiyo aliutandika kwa ndani sufu ya kola ya koti kuukuu. Ncha moja aliifunga kwenye kishikizo kilicho kitakoni mwa gitaa, nyingine akaifunga kwa kamba penye kichwa. Kisha akasema kitu ambacho bado nakitumia.

"Gitaa lisijue kama umekaa au umesimama."

Maana yake ilikuwa rahisi. Mikono yake ilikuwa imezoea gitaa likiwa mahali fulani kwenye mwili. Kama mkanda ungelishikilia mahali palepale, mikono isingekuwa na jambo jipya la kujifunza. Lakini ili kupajua mahali hapo ilibidi akae, angalau mara moja, mtu mwingine apige chaki kwenye shati lake.

Alinipa chaki ya kushonea. "Hesabu hadi thelathini," alisema. "Usikimbie, usichelewe. Tazama shati, usinitazame mimi."

Alikaa. Sikumtazama. Niliona tu kwamba vifungo vya shati vilianza kutikisika. Kwenye kumi na moja nilipiga alama, kati ya kifungo cha tatu na cha nne, mahali ukingo wa juu wa gitaa ulipogusa. Ilikuwa alama nzuri, nyembamba, iliyonyooka. Kisha nikaendelea kuhesabu. Nilikuwa nimeambiwa thelathini. Kumi na mbili, kumi na tatu. Nilihesabu kwa sauti ya darasani, bila kukimbia, bila kuchelewa, na yeye alibaki kwenye kigoda mpaka nilipomaliza.

Aliinuka akishika ukuta. Alipoona chaki ilikwisha kupigwa zamani, alinitazama, akaitazama alama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Wewe binti," alisema akihema, "ungekuwa askari, tungekoma."

Mimi sikucheka. Bado sijaweza.

Jioni ileile alirekebisha mkanda mpaka gitaa likagusa chaki akiwa amesimama, akashona mshono wa uzi mwekundu kuonyesha urefu wake. Chini ya ule wake alishona mshono mweupe, wangu, kwa sababu gitaa lilikuwa moja na mkanda mmoja. Kila likizo ya shule alinipima upya. Aliufumua mweupe, akaushona mbele kidogo, na matundu ya sindano ya zamani yakabaki kwenye mkanda, mistari midogo iliyokuwa ikipanda kuelekea ule mwekundu.

"Siku mstari wako ukifika kwenye wangu," aliniambia, "gitaa ni lako. Mimi nitakuwa nimechoka."

Tulifanya mazoezi pamoja mbele ya mlango wake, yeye kisha mimi. Kwanza tuliachia mikono yote miwili, na gitaa lilitakiwa libaki pale lilipo. Kisha tulifumba macho na kutafuta mkao wa vidole bila kuangalia. Kisha tulipiga tukipeleka uzito mguu mmoja hadi mwingine, polepole, ili mgongo usifanye kazi moja muda mrefu. Wapita njia walinitania kwamba nimebeba mtoto kwa mbele. Harufu ya maharage ya mama ilipotufikia tulijua muda umekwisha.

Huko Rebero mimi na mama tulisimama karibu na waliochoma nyama. Fundi alipojiweka mbele ya watu bila kigoda, mpiga ngoma alipaza sauti:

"Fundi, umesimama kama askari wa bariyeri ya barabarani! Usituombe vitambulisho!"

"Wewe anza na chako," Fundi akamjibu, "na picha uliyopigwa kabla hujanyoa ndevu."

Watu walicheka, lakini si wote, na waliocheka walitazama pembeni kwanza. Alipiga harusi nzima. Kwenye wimbo wa mwisho aliachia mikono yote miwili kwa sekunde moja, akanitafuta kwa macho. Gitaa halikusogea.

Miaka miwili na nusu iliyofuata ilizidi kuwa mibaya. Bariyeri ziliongezeka, mabomu ya kutupa kwa mkono yakalipuka sokoni na kwenye vituo vya mabasi, na redio ikaanza kuwaita watu wadudu. Shule ilifunguliwa na kufungwa. Mstari mweupe ulipanda. Machi 1994 nilikuwa na miaka kumi na tatu, na kati ya mistari yetu palibaki upana wa vidole viwili.

Pasaka ile mimi na mama tulikuwa tunakwenda kwa bibi, Kabuga. Fundi alifungua mkanda akanipa.

"Nenda nao. Kwaresima hakuna harusi. Zoeza bega, baada ya Pasaka nirudishie."

Kwa bibi niliutundikia ubao niliouchora nyuzi sita kwa makaa. Bibi aliniangalia nikitembea nao uani. "Mtoto huyu anauza nini?" alimwuliza mama. "Sigara au karanga?"

Hatukurudi baada ya Pasaka. Mauaji yalitukuta hukohuko. Sitayaandika hapa. Tulikuwa watatu kwenye nyumba ile. Tuliotoka tulikuwa wawili, mimi na mama, na mkanda nilikuwa nimejifunga tumboni chini ya gauni.

Tulirudi Gikondo mwezi Julai. Vyumba vya Fundi havikuwa na paa wala milango. Kigoda kilikuwa kimepasuliwa kuni na nusu yake ilikuwa bado haijachomwa. Mwanamke aliyekuwa akituuzia makaa alimweleza mama pale langoni, akitazama chini.

"Kwenye bariyeri waliwaamuru wote wakae barabarani. Wote walikaa. Yeye alibaki amesimama. Alikuwa bado anawaeleza habari za mgongo."

Gitaa, alisema, aliliona likichukuliwa na mmoja wao. Alilishika shingoni, kwa sababu halikuwa na mkanda.

Nilipotimiza miaka kumi na tisa niliazima gitaa la kanisani na kujipima kwa njia ileile. Nilikaa, nikapiga chaki, nikasimama, nikarekebisha mkanda. Mstari wangu uliangukia juu ya wake, uzi kwa uzi. Jioni nililirudisha gitaa kwa wenyewe.

Mengine nilijifunza peke yangu, kwa vitabu na kwa kurudiarudia. Vitabu vinasema yale aliyoyasema: mkono wa kushoto usibebe uzito, gitaa likae palepale. Hakuna kitabu nilichokiona kinachosema mtu akae muda gani ili apimwe. Bondeni sasa maghala hayapo, harufu ya kahawa haipo, na ua wetu umekuwa maegesho. Wanaoikumbuka harusi ya Rebero nimewatafuta. Nimempata mmoja tu, mama yangu, naye anasahau.

Mwenye gereji alimaliza kazi yake. "Kaa, mama, tujaribu," alisema. Niliingia, nikakaa, nikavuta mkanda mpya hadi ukalia. Aliinama dirishani kuutazama, nami nikajikuta nahesabu. Kwenye kumi na moja akasema iko sawa, naweza kushuka.

Nilikaa hadi thelathini.