Chuo Hakikuulizi Ulikimbia Nini

Siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu, ilikuwa ya Agosti, mwaka wa pili wa Korona. Sydney yote ilikuwa imefungwa, na sisi wa Bankstown tulifungwa zaidi ya wengine. Treni zilipita tupu. Mkate wa Waarabu wa pale kona ulinukia barabara nzima, na wa kuununua hayupo. Nilikuwa naishi kama mtu aliyeamshwa kabla ndoto haijaisha. Na usinicheke nikijiita mzee kabla ya kufika hamsini. Kwetu mzee ni yule aliyetangulia kukosea, na mimi nilitangulia.

Wakati huo nilikuwa mhudumu katika nyumba moja ya wazee: kuosha, kulisha, kumgeuza mtu kitandani. Nilikuwa na miaka thelathini na minane na hamu moja tu, kusomea unesi. Nilikuwa nimeshaomba chuo mara mbili nikakataliwa, na nilijiapiza kwamba hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Maombi yangefungwa Ijumaa. Walitaka barua ya kujieleza, ukurasa mmoja.

Chuo nilichokitamani kilikuwa mjini, cha mawe ya kale na minara. Kwa kuwa milango ilifungwa, walituwekea picha za kutembelea kwenye simu: unabonyeza mshale, unasogea mbele. Kila nikitoka kazini niliketi kwenye ngazi za fleti, viatu vya kazi miguuni, nikatembea humo kwa kidole. Bustani, maktaba, korido ndefu ya matao, jua likiingia kwa pembeni. Nilijiona napita mle nimebeba vitabu, wala sisikii kishindo cha miguu yangu. Nilikipenda chuo kile kama msichana anavyopenda picha ya mwanamume asiyewahi kuongea naye. Wahenga walishasema, nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, lakini nani alikuwa na nafasi ya kuwasikiliza wahenga?

Barua niliiandika kwa siku tatu. Ilianza na Burundi, vita, usiku tuliovuka mto, baba aliyebaki nyuma, kisha miaka ya kambini Tanzania. Binti yangu Divine, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alininyooshea Kiingereza. Alipomaliza alifuta macho. "Mum, it's so sad," akasema. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nilijiambia, kama imemliza Divine, basi hao wa chuo hawachomoki.

Nikaenda kumsomea Mwalimu Laurenti, jirani yetu wa fleti ya chini, ili aibariki. Mzee huyu, ambaye Kifaransa hakimtoki mdomoni, alifundisha shule kambini, na ndiye aliyetuandaa kwa mahojiano ya kuletwa ng'ambo. Alitufundisha kuipanga hadithi: tarehe zisigongane, jina la mto lisibadilike, kwa sababu ofisa anaandika kila kitu, na ukisema leo tofauti na jana, faili lako linalala. Tuliyakariri maisha yetu wenyewe kama katekisimu. Silaumu. Ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Aliketi kwenye veranda, blanketi magotini. Mimi nilisimama kwenye nyasi, kwa umbali uliotakiwa, nikasoma nikitafsiri. Akafumba macho. Nilidhani amesinzia. Kumbe nilipofika kwenye mto, nikamsikia anayasema maneno kabla yangu, taratibu, moja baada ya jingine, mpaka idadi ya siku tulizotembea.

"Mama Divine," akasema, "hii barua niliandika mimi."

"Ni maisha yangu, Mwalimu."

"Ni maisha yako, ndiyo. Lakini tuliyapanga juu ya asile, ile hifadhi ya wakimbizi. Mzungu wa kambini alitaka kujua unakimbia nini. Bon. Hawa watu ya chuo, wamekuuliza hivyo?"

Hasira zangu unazijua. Nilimpandishia sauti mzee wa watu, nikamuuliza kama mateso yangu yalikuwa ya bure. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, kwa upole ambao sikuutarajia, "Unapenda nini?"

Mwanangu, nimepita ofisi nyingi maishani, nimejaza fomu sina idadi, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza neno hilo. Nilitafuta jibu ndani yangu, nikakuta chumba kitupu. Nikalia pale nyasini mpaka barakoa ikalowa. Mwalimu hakuninyamazisha. "Sema tu," aliniambia. "Mficha uchi hazai."

Ndipo nikamsimulia habari za bibi mmoja wa Kigiriki pale kazini. Wageni walikuwa wamekatazwa, kwa hiyo siku zake za mwisho mimi ndiye niliyemshikia simu ili binti yake amwone. Nesi alikuwa amemchoma sindano akaenda chumba kingine. Yule binti akaniuliza, "Mama anaumia?" Nikauangalia uso wa bibi, nikashindwa kuusoma. Nikajibu hapana, kwa sababu ndilo neno lililokuwa karibu. Mpaka leo sijui kama nilimdanganya.

"Ninataka kujua," nikamwambia Mwalimu. "Siku mtu mwingine akiniuliza, ninataka niwe najua."

"Donc andika hiyo."

Nikamwonyesha na chuo changu kwenye simu. Alikitembea chote kwa kidole chake, korido kwa korido, akikisifia. Kisha akanirudishia simu. "Nzuri sana. Sasa watu wako wapi? Ukikwama somo, utauliza nani?"

Kuuliza si ujinga. Kesho yake nilipiga simu vyuo viwili. Kule mjini walinijibu vizuri tu, ila masomo yote yalikuwa saa zangu za kazi. Katika chuo cha pili, cha Parramatta, alipokea mama mmoja ambaye naye aliwahi kuwa mhudumu. Kabla hajaniuliza jina, aliniuliza zamu zangu. Akanieleza kuhusu mafunzo ya jioni, na wanafunzi wa umri wangu ambao husoma pamoja na kubebana. Minara hawana. Niliwatumia barua Ijumaa mchana, nusu ukurasa tu, mto ukiwa na sentensi moja. Walinichukua. Nilipofeli mtihani wa kwanza wa dawa, watatu kati ya wale wanafunzi walikuja kukaa jikoni kwangu hadi nikaelewa.

Sasa, mwanangu, nimeisoma insha yako ya kuombea chuo mara mbili. Kiingereza chake kimenyooka. Lakini umeandika foleni ya maji, bunduki, na hema linalovuja, na wewe umezaliwa hapa Bankstown. Hayo ni ya mama yako, mwenzangu wa kambini. Umeyavaa kwa mapenzi, najua, na pia kwa sababu mtu fulani amekuambia ndiyo yanayofungua milango. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Sikuambii utufiche. Tutaje, kisha utupishe. Andika kitu ulichokiona kwa macho yako kikakunyima usingizi, hata kikiwa kidogo, hata ukikionea haya. Kama hukijui bado, kaa kimya mpaka kije.

Na chuo usikichague kwa picha. Siku hizi mageti yako wazi. Nenda Jumanne ya kawaida, si ile siku ya maputo ya kupokea wageni. Kula chakula chao. Uliza swali la kijinga uone nani anakujibu na kwa sura gani. Pale utakapojibiwa kama mtu, hapo ndipo pako, hata paa likiwa la bati.

Sisi tulilazimika kulia mlangoni ili tufunguliwe. Mungu wa baba zako akupe mlango usiodai machozi yako wala ya mama yako. Uingie ukiwa wewe. Amina.