Nilificha Corolla yangu kuukuu nisiaibike mbele ya wakwe, hapa Juba

Wakuu, nawasalimu kutoka Juba. Kipaji cha kutunga sina, na hata ningekuwa nacho nisingejitungia aibu ya aina hii. Someni mkijua yamenikuta mwenyewe, wiki hii hii.

Naandika nimesimama. Nikikaa nainuka, nikiinuka naenda dirishani kuangalia gari. Jumapili natakiwa nitoe jibu kwa wakwe na sina hakika nalo.

Niwape background kidogo.

Mimi ni Mkenya, mhasibu kwenye hoteli moja hapa. Nina Corolla ya zamani sana, niliinunua kwa Mkenya mwenzangu aliyekuwa anarudi nyumbani. Mita ya kilomita ilipita laki nne, ikachoka kuhesabu, ikasimama. Mlango wa abiria unafunguka kwa nje tu. Rangi ilikuwa nyeupe, siku hizi ni rangi ya barabara.

Lakini haijawahi kunilaza njiani. Ikigoma, fundi yeyote anakuja na spana na kipande cha waya, mnapiga stori kidogo, inawaka.

Mchumba wangu Poni, binti wa mtaa wa Hai Malakal, ndiye aliyeibatiza jina Haboba. Kwa Kiarabu cha hapa ni nyanya, bibi kizee wa nyumbani. Poni amejifunzia udereva humo humo, na ana ufunguo wake.

Sasa, Poni ana mjomba anayeishi Arua, Uganda, Mzee Lado. Huyo ndiye mwenye neno la mwisho kwenye mahari. Akisema hapana, ndoa hakuna. Tukaambiwa anakuja Jumatatu na ndege ya Entebbe, na wa kumpokea ni mimi.

Wakuu, niliogopa. Nikamwona akilini mzee amekalia kiti cha Haboba chenye shimo, anahangaika na kioo kisichoshuka. Nikajisemea hapa mke nimemkosa.

Kazini kuna jamaa yangu, Wafula, ameagiza SUV hybrid kutoka Japani majuzi. (Jina la gari naliacha, sitaki kesi.) Kuwasha ni kubonyeza, gia ni kubonyeza, skrini utadhani TV ya sebuleni. Nikamlilia mpaka akaniazima.

Haboba nikamsukuma nyuma ya nyumba, nikamfunika turubai. Poni akaniangalia tu, akarudi ndani.

Wafula alinionya jambo moja: usithubutu kuweka petroli ya chupa.

Kwa wasioijua Juba: vituo vya mafuta vikikauka, petroli inauzwa kando ya barabara kwenye chupa za maji ya kunywa. Imechanganywa na nini, Mungu ndiye anajua. Haboba ameinywa miaka yote na hajawahi hata kukohoa.

Jumatatu asubuhi vituo vikavu, taa ya mafuta inawaka, ndege inakaribia kutua. Nikanunua chupa. Mazoea, wakuu, mazoea yataniua.

Mzee Lado akatoka airport amevaa koti zito, begi lake la ngozi mkononi. Nikamfungulia mlango kama waziri. AC ikapuliza, mzee akafunga vifungo vya koti. Nikaona mambo yanaenda vizuri.

Tulipokaribia mzunguko wa Custom gari likaanza kuongea. Kijapani! Sauti ya dada mpole, anasema, ananyamaza, anarudia.

"Hii mama nasema nini?" mzee akauliza. Amekulia ukimbizini Uganda, Kiswahili chake ni cha huko.

"Anatukaribisha, mzee."

Dada akaendelea kutukaribisha, sasa kwa haraka. Skrini ikawa ya njano, ikawa nyekundu, ikawa nyeusi. Gari likazima katikati ya barabara.

Nabonyeza, kimya. Vioo vimegoma. Vijana wa boda wakaja kusukuma, lakini gia ni ya umeme na umeme haupo, magurudumu yamejifunga. Nyuma yetu honi zinalia. Mzee akashuka, akasimama vumbini na koti lake, jasho linamtiririka. Sikuwa na pa kuweka uso.

Nikampigia Poni. Hakuniuliza hata swali moja. Akasema "nakuja" na kukata.

Baada ya muda nikasikia ule mngurumo ninaoujua. Poni kwenye usukani wa Haboba, mikono bado ina unga, turubai amelitupa kiti cha nyuma.

Mzee Lado akalizunguka gari polepole, akaweka kiganja kwenye boneti.

"Wakati vita iliisha, gari kama hii ndio ilitoa sisi Arua, ikaleta sisi mpaka Juba," akasema. "Mama yangu ndani, watoto, magodoro juu. Haikusimama hata mara moja." Macho yake yalilowa, naapa. Kisha akanigeukia: "Hii iko ya nani?"

Wakuu, mdomo wangu ukasema, "Ya jirani."

Poni akazima injini. "Khalu," akamwita mjomba wake, "ni yake. Alificha juu ya wewe. Aliona aibu."

Mzee akanitazama, hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Leo gari yako nazeeka, unafunika na turubai," akasema. "Kesho mtoto yetu nazeeka. Yeye utafunika na nini?"

Nikaingia kiti cha nyuma, nikakaa juu ya turubai.

Nyumbani, mbele ya wazee, akatangaza kwamba anapunguza baadhi ya ng'ombe wa mahari, na mahali pao anataka Haboba. Nirudi Jumapili na jibu.

Hapo ndipo usingizi ulipokatika. Nikikubali haraka, ataona nimemtupa bibi kizee kwa urahisi, kama alivyohofia. Nikikataa, nimemnyima mjomba kitu alichokililia. Nimemuuliza Poni, akasema, "Mimi siolewi na khalu. Jibu wewe."

SUV ya Wafula ilibebwa mpaka gereji, bado inangoja mashine ya kuisoma kutoka Nairobi. Gari jipya ni tamu kwenye lami na mafuta safi, sibishi. Kwa maisha yetu ya huku, chukua lile ambalo limeshapita njia hizi na likafika, na usione haya kuonekana nalo.

Nimeamua hivi: nitasema hapana, nitaongeza ng'ombe hata kama itanikamua, na nitamwambia mzee kila akija Juba Haboba atamngoja airport. Naamini hilo ndilo jibu alilokuwa anatafuta. Asubuhi hii naamini. Usiku sikuamini.

Mliooa huku na mnaowajua wajomba, semeni mapema kama nakosea. Haboba nimeshamwosha, yuko nje ya geti, mbele ya watu wote.