Tripod, kilio cha mke wangu, na picha moja niliyotaka kuifuta

Wakuu, nawasalimu kutoka Baraka, huku Fizi, pembeni ya ziwa Tanganyika.

Kuna mmoja aliuliza humu wiki iliyopita kama kweli tripod inafanya picha kuwa nzuri zaidi, au ni mzigo tu wa kubeba. Nilisoma majibu yote. Wengi mnajua kuliko mimi. Mimi shule niliishia la sita, na camera nilijifunza kwa kuharibu.

Lakini kuna kitu kimenipata na tripod, na mpaka leo nikikikumbuka nashangaa. Nitakieleza kilivyokuwa. Pale ambapo sikufanya vizuri nitasema sikufanya vizuri.

Mtanisamehe na Kiswahili. Naandika hiki chenu, ila watu wakiongea nitawaacha waongee kama tunavyoongea huku. Mkikuta "bantu" ni watu, "bibi" ni mke, "njo" ni ndiyo, "kuikala" ni kukaa, "appareil" ni camera.

Mimi ni mpiga picha mdogo. Ndoa, ubatizo, picha ndogo za vitambulisho, watoto wakimaliza shule. Camera ninayo moja, ya zamani, niliipata mkononi mwa mtu.

Tripod sikuwa nayo na sikuitaka. Nilikuwa nasema ni kiti cha camera, kazi ya watu wavivu. Mpiga picha ana mikono.

Mke wangu aliitwa Riziki. Alikuwa anauza ndagala, wale samaki wadogo wa kukausha. Aliugua muda mfupi tu, akafariki. Hapo sitaandika zaidi.

Mama yake, yaani mama mkwe wangu, anaishi Ubwari, ng'ambo ya maji. Ule upande ni wa mtumbwi tu. Mguu wake mmoja umevimba miaka mingi, kupanda na kushuka kwenye mtumbwi hawezi tena. Hakuweza kuja kumzika mtoto wake.

Akatuma neno moja: "Munipigie picha. Nione vile mutoto yangu analiliwa."

Kwao hilo si jambo dogo. Mtoto wa kike akifia kwa mume, watu wake lazima waone kwa macho kwamba ameliliwa. Wasipoona, hata kilio kikimalizwa, kwao hakijaisha.

Basi mimi nikafanya kosa. Nilisema nitapiga mwenyewe.

Niliona hakuna mwingine wa kumwamini. Na niseme ukweli wote: nilitaka pia kitu cha kushika mkononi. Kwetu mfiwa hasimami. Anakaa chini kwenye mkeka, na anayekuja kumpa pole anakaa chini naye kwanza ndipo anaongea. Mimi sikukaa. Nilisimama kutoka asubuhi mpaka makaburini, camera usoni.

Sikutoa chozi hata moja. Watu waliona.

Nilipozitazama zile picha, wakuu, hakuna hata moja iliyotulia. Zote zimetikisika. Jeneza lina kingo mbili, wamama wana nyuso mbili mbili, hata miti ilikuwa kama inakimbia. Miaka yote ya kazi sijawahi kuharibu namna ile.

Nikazichapisha hivyo hivyo, nikampa mwenye mtumbwi apeleke.

Jibu lililetwa na Mapenzi, dada mkubwa wa Riziki. Alikaa kwanza, akanywa maji, ndipo akasema.

"Shemeji, mama anasema haone kitu. Anasema ile ni moshi, haiko picha."

"Mikono ilinikatala, Mapenzi."

"Iko ingine." Akatazama chini. "Bantu balipita kule, balimwambia haukulia. Balisema bibi anaingia mu udongo, bwana iko anatafuta fasi ya kupiga mapicha. Mama anasema, kama ni vile, usilete miguu yako kwake tena."

Ilikuwa kweli. Sikulia. Wazazi wangu wote walishakufa. Yule mama ndiye mtu pekee aliyebaki duniani ananiita mutoto.

Mapenzi akasema kuna nafasi moja. Siku ya kumaliza kilio nipige picha zinazoonekana, nizipeleke mwenyewe. Mama atatazama, ataamua.

Nikaenda kwa Amisi. Huyu ni mwenzangu wa kazi, tunapeana betri. Yeye ana tripod, alitoka nayo Uvira, na kwa miaka mingi nimemcheka nayo.

Nilimwonyesha mikono yangu. Ilikuwa bado inatetemeka, hata kikombe cha chai kilimwagika.

"Ee bwana," akasema, "hii haiko mikono, hii ni moteur ya mtumbwi. Unaweza kufika Kazimia na hii."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu maziko.

Halafu akaacha utani. Akaileta tripod, akaiweka mbele yangu. "Hii itasimama. We utaikala chini na bantu yako. Haukuikala ile siku."

Hilo neno liliniingia. Tulikunja miguu ya tripod mpaka ikawa fupi kabisa, camera ikawa kwenye kimo cha mtu aliyekaa mkekani. Amisi akasema inafanana na mbuzi anataka kulala.

Kwa wasiojua kazi, nieleze kidogo. Chumba chetu kina giza hata mchana, na siku ya kilio madirisha yanafungwa nusu. Flash sikuweza kutumia, ni aibu kummulika mtu analia. Kwa hiyo camera ilibidi ifungue jicho lake muda mrefu, sekunde nne kwa kila picha. Kwa mkono haiwezekani. Na camera yangu inaweza kujipiga yenyewe kila baada ya dakika chache, nikaiweka hivyo.

Katika sekunde nne, kinachotulia kinatoka wazi. Kinachosogea kinakuwa ukungu.

Siku yenyewe tulianza asubuhi. Wamama wa kwaya wamejaa, Mapenzi yuko karibu na mlango, mimi katikati ya mkeka.

Sasa nakiri kitu ambacho sikumwambia mtu siku ile. Mwanzoni kila nilipoisikia camera ikifunguka, nilijizuia kutikisika. Nilihesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, nne. Nilikaa kama gunia la mihogo. Wenzangu wanamlilia mke wangu, mimi nahesabu. Ndivyo nilivyokuwa.

Wimbo ukaisha. Mchungaji akaomba, watu wakainamisha vichwa, nyumba ikanyamaza.

Ndipo Mapenzi akaleta mfuko wa nguo za Riziki. Huku siku ya kumaliza kilio nguo za marehemu zinafunguliwa mbele ya watu, ndugu zake wanagawana. Akafungua fundo.

Ikatoka harufu ya ndagala.

Wakuu, ile harufu haitoki kwenye kitenge hata ufue mara kumi. Nilimsumbua nayo tangu tuoane. Nilikuwa namwambia, "Riziki, nguo zako anika inje, usiingize mu chumba." Na alikuwa anazianika nje kweli, bila kubishana. Wakati mwingine alicheka tu na kusema, "Hii harufu njo inakulisha."

Ilijaza chumba chote. Sikumbuki kilichofuata. Najua tu kwamba baadaye shati langu lilikuwa limelowa mbele, na Mapenzi alikuwa amenishika bega.

Camera niliisahau kabisa.

Kesho yake tulikaa kwa Amisi kwenye kompyuta yake. Picha za kwanza, safi kuliko zote nilizowahi kupiga. Naapa. Wamama wanaoimba wamekuwa kama maji yanayopita, na mimi katikati yao niko wazi kabisa, hata vifungo vya shati unavihesabu.

"Unaona?" Amisi akasema. "Kiti ya camera!"

Tukaendelea. Tukafika kwenye moja.

Ukuta uko wazi mpaka ufa wake. Kwenye mkeka unaona kila unyasi. Thermos, viatu mlangoni, maua ya vitenge, wamama vichwa chini, nyuso zao zimetulia. Kila kitu kimekaa mahali pake.

Na pale nilipokuwa nimekaa, hakuna mtu. Kuna moshi umevaa shati. Kichwa hakina macho wala mdomo. Ni kama mtu alikuwa anafutwa.

Sikujua mwili wa mtu unaweza kutikisika kiasi kile na mwenyewe asijue.

Amisi akasema kwa sauti ya chini, "Hii tufute. Mwenye kilio hana uso. Mama atasema tena ni moshi."

Kikazi alikuwa sahihi. Ile ni picha mbovu. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kufuta. Lakini nikawaza, nikianza kuchagua nitakuwa nampelekea mama kitu nilichokitengeneza. Nikasema tuchapishe zote, ile nikaiweka ya mwisho chini kabisa.

Nilivuka na mtumbwi wa asubuhi. Ziwa lilikuwa limelala, bahasha nimeifunga kwenye plastiki tumboni.

Mama nilimkuta uani kwake, mguu ameunyoosha, anachambua ndagala kwenye ungo. Hakunipa mkono. Nikakaa chini, mbali kidogo, nikasukuma bahasha.

Akatazama ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Muda mrefu.

"Huyu ni we?"

"Njo mimi, mama."

"Uko sawa na jiwe." Akaweka chini. Akachukua nyingine. "Bote banalia, we unaangalia tu. Kumbe balisema kweli."

Hapo ndipo nilipoelewa, wakuu. Picha zangu nzuri zilikuwa zinanishitaki. Kila moja niliyojivunia ilikuwa inasema, tazama, hakulia. Nami sikuweza kubisha, kwa sababu kwenye zile nilikuwa nahesabu.

Nikamwambia hivyo. "Mama, ni kweli. Pale nilikuwa ninahesabu, picha isiharibike."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akaendelea mpaka ya mwisho.

"Na huyu nani?"

"Ni mimi vile vile."

"Mbona hauna uso?"

Nikamweleza. Kwamba ile camera inafungua jicho, inahesabu nne, inafunga. Mwenye kutulia anabaki. Mwenye kutetemeka anakuwa vile.

Akaweka kidole kwenye ukuta wa picha. "Ukuta haukutikisika."

"Hapana mama. Appareil ilikuwa imesimama kwa miguu yake. Hakuna muntu aliishika."

"Balikuwa banafanya nini, saa ile?"

"Mapenzi alikuwa anafungua nguo za Riziki."

Mkono wake uliokuwa kwenye ungo ulisimama. Nadhani naye alijua ni harufu gani ilitoka mle. Yeye ndiye aliyemfundisha Riziki ile kazi.

Kisha akamwita mjukuu wake amletee kopo kutoka ndani. Akalifungua. Mle kulikuwa na zile picha za maziko, zile za moshi, alizosema si picha. Hakuwa amezitupa. Akazipanga moja moja kwenye mkeka pembeni ya ile mpya.

"Na hizi? Hizi ilikuwa imesimama kwa miguu gani?"

"Hizi niliishika mimi, mama. Kwa mikono."

Alizitazama zote kwa zamu. Jeneza lenye kingo mbili. Miti inayokimbia. Halafu ile ya mtu asiye na uso. Halafu tena zile.

"Basi ni kilio kile kimoja," akasema polepole. "Ulikuwa unalia na mikono."

Akasogeza mguu wake mbovu, akapiga mkeka na kiganja. "Kuya, mutoto yangu. Ikala hapa karibu."

Nikasogea. Tulilia pale wote wawili, ndagala zikabaki juani.

Wakati wa kurudi alinirudishia zile picha safi zote. "Hizi peleka, mi sina kazi nazo." Ile moja akaiweka kwenye kopo pamoja na za maziko, akafunga kifuniko.

Sasa nirudi kwenye swali la yule ndugu.

Je, tripod inafanya picha kuwa nzuri? Zile ilizozifanya nzuri, mama alinirudishia. Lakini ukishika camera kwa mkono, mtetemo wako unamwagika juu ya kila kitu, jeneza, miti, watu, na hakuna anayejua ni wa nani. Camera ikisimama kwa miguu yake, ukuta unatulia, mkeka unatulia, na anayetetemeka anajulikana.

Na ilinipa mkeka. Kwa hilo peke yake nisingeicheka tena.

Kwa hiyo wakuu, ukikutana na picha iliyotikisika, kabla hujaifuta, tazama kwanza nani alitikisika, aliyepiga au aliyepigwa. Mimi miaka yote nilifuta bila kuuliza. Sijui nimefuta watu wangapi.

Amisi ameniachia tripod yake, anadai imemzoea mtu mvivu zaidi yake.

Kama kuna mwenye picha mbovu ambayo hajaweza kuifuta, aandike hapa chini ni ya nani na kwa nini ameiweka. Nitasoma zote.