Taa ya Kushukia Mlima

Mama Rose, fundi redio wa sokoni Newala, amekimbiwa na wateja msimu mzima kwa sababu taa zake hazing'ai kama za wenzake. Habadiliki. Kila taa ya LED anayoifunga kwenye pikipiki anaiwekea rezista, kile kidude kinachozuia umeme usizidi. Dayodi nazo, vile vidude vinavyopaswa kupitisha umeme upande mmoja tu, anazipima kwa mita, mbele na nyuma. Ikipitisha umeme pande zote mbili imekufa, na anaitupa hata kama imetoka dukani leo.

Juzi alikuja Haji, dereva wa bodaboda.

"Shikamoo, Mama Rose. Nitolee hiyo rezista. Taa yangu imefifia, wenzangu wananicheka."

"Marahaba. Washa pikipiki."

Akaifungua taa ya pikipiki, akachukua LED tatu kuukuu, akaziunganisha moja kwa moja na betri. Zikawaka nyeupe mpaka muuza mihogo wa jirani akaziba macho.

"Hiyo ndiyo naitaka," Haji akasema.

"Basi piga resi."

Haji akavuta mafuta, umeme ukapanda. Taa zikang'aa zaidi, zikageuka buluu, zikazima. Ikabaki harufu ya plastiki iliyoungua.

Mama Rose hakucheka. Alizing'oa, akairudisha taa ya mwanzo pamoja na rezista yake, akakaza skrubu.

"Hapa zimezima umesimama," akasema. "Ukiwa unashuka mlima kwenda Masasi usiku, zingezima una mtu mgongoni."